Mahali pa Rozari Nzima

Dafrosa aliamua kufa wakati wa kupanda, mwaka wa hamsini na mbili, na Majilio ya mwaka uliofuata yalipoingia alikuwa bado hajafanikiwa. Si kwamba alikuwa mgonjwa. Alikula kidogo, akalala kidogo, na mchana kutwa alikaa kwenye kigoda mlangoni pake, amegeukia ukuta wa ghala, yaani upande ambao hauna cha kutazamwa. Mumewe Oswaldi alikuwa amekufa kwa homa ya siku nne. Binti yao mmoja tu, Hilaria, alikuwa ameolewa Karema, ziwani, na huko alikuwa na watoto wake wa kuhangaikia.

Majirani walijitahidi. Regina, wa nyumba ya pili, alileta ugali na mlenda kila jioni, akaondoka na bakuli la jana likiwa nusu.

"Mama Hilaria, kula basi."

"Nimekula."

"Umekula nini? Nzi wamekushinda."

Dafrosa hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa amefikia pale ambapo mtu anakubaliana na kila kitu ili watu waondoke upesi.

Wiki ya kwanza ya Majilio akaja Jumbe Baltazari mwenyewe, amevaa koti lake la kazi lenye vifungo vitatu, cha nne kikiwa kimepotea barazani Mpanda miaka mingi nyuma. Hakukaa. Mambo ya ardhi aliyasema akiwa amesimama.

"Mama Hilaria, shamba lako la bondeni limelala msimu mmoja. Likilala wa pili, unajua linakwenda wapi."

Alijua. Pale kijijini Majimoto ardhi ya mpunga haikuwa nyingi, na desturi ilikuwa moja: shamba la bondeni lililolala misimu miwili hurudi kwa Jumbe, naye humpa mwenye jembe. Mwenye jembe alikuwa Makarius, mdogo wake Oswaldi. Makarius hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto saba na shamba la mchanga huko juu, na kama tamaa ni dhambi, ya kwake ilikuwa dhambi yenye sababu saba, zote zinakula.

"Nitapita Jumanne baada ya Noeli," Jumbe akasema. "Nikikuta limepandwa, ni lako. Nikikuta majani, nampa Makarius."

"Mpe hata leo."

"Leo si Jumanne."

Akaenda zake. Shamba lile lilikuwa kitu cha mwisho ambacho Dafrosa alikuwa nacho. Bila shamba angekuwa mama mkwe wa kuhamia Karema, kulala jikoni kwa mtu na kuulizwa kila asubuhi kama ameamka salama. Alilijua hilo. Alilitazama kama alivyoutazama ukuta wa ghala.

Siku mbili baadaye Kasimiri akafika kutoka Inyonga na baiskeli yake, nyuma amefunga mikate ya nta ya kwenda kuuza Mpanda na kibuyu cha asali ya kuwapumbaza watu njiani. Ukoo wa Kasimiri na ukoo wa Dafrosa ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Mtani msibani ana ruhusa ambayo hata Padri hana. Anaweza kulala ndani ya kaburi na kulalamika kwamba linabana, anaweza kuvaa kofia ya marehemu na kukohoa kikohozi chake, anaweza kubeba kitu cha nyumba ile na kuondoka nacho. Anayemkasirikia ndiye mwenye aibu. Kwenye msiba wa Oswaldi, Kasimiri alikuwa ameiga mwendo wa marehemu vizuri kiasi kwamba wanawake wawili walicheka na mmoja akazimia.

Akaegemeza baiskeli.

"Hodi. Nasikia hapa kuna msiba."

"Msiba ulikuwa mwaka jana, mtani," Dafrosa akasema.

"Ule nilishaumaliza. Nimekuja kwa huu mpya. Nani amefariki?"

"Hakuna."

"Hakuna vipi? Naona mwanamke amekaa hapa, halimi, hali, haendi kuteka maji, hasengenyi mtu. Kwetu Inyonga huyo tunamzika kabla hajaharibika."

Akaokota fimbo, akampima Dafrosa kuanzia utosini hadi kwenye kigoda, akakuna kichwa.

"Amefia kwenye kigoda. Kaburi itabidi liwe la mviringo, kama kisima."

Regina, aliyekuwa amefika na bakuli lake, akaziba mdomo kwa kanga. Watu wakaanza kusogea, maana Kasimiri akifika kazi husimama.

"Marehemu alipenda nini enzi za uhai wake?" Kasimiri akawauliza.

"Alipenda kuachwa," Dafrosa akasema.

"Mnaona? Marehemu anajibu. Huu msiba mgumu, nyie wenyewe mnashuhudia."

Alikuwa akitafuta kitu kimoja tu, Dafrosa amtukane. Mtu akikutukana yuko hai. Lakini Dafrosa hakumtukana, na mtani aliyekusanya watu hawezi kurudi nyuma. Hiyo ndiyo hasara ya kazi ile. Kasimiri akaingia ndani, akatoka na kapu lililokuwa limening'inizwa juu ya mafiga. Lilikuwa kapu la mbegu za mpunga. Oswaldi alikuwa amezichagua punje zile kwa mkono, suke kwa suke, na moshi wa mwaka mzima ulikuwa umezilinda na wadudu.

"Huu ndio wali wa matanga," akatangaza. "Na kwa kuwa wafiwa hawana kuni, naupeleka ukapikwe na Mungu."

Akashika njia ya chemchemi ya maji moto akiimba wimbo wa maziko, polepole, akigeuka kila hatua kumi kuona kama Dafrosa anamkimbilia. Dafrosa hakusimama. Kasimiri akafika kwenye chemchemi, akangoja, akakohoa, akangoja tena. Nyuma yake watu thelathini walikuwa wanatazama. Akalisukuma kapu kati ya mawe, hatua chache chini ya jicho la maji, na mara hiyohiyo akajua kwamba amekosea.

Watu nao walijua. Walitawanyika.

"Kofia inataniwa," Jumbe alisema jioni ile. "Kikohozi kinataniwa. Mbegu haitaniwi. Utaleta mbuzi."

Kasimiri hakubisha. Alfajiri alipanda baiskeli yake kwenda Mpanda kuuza nta, na ilikuwa mara ya kwanza kuondoka Majimoto bila kumpa mtu jina la kejeli.

Kapu lilibaki palepale majini. Kitu kilichochukuliwa na mtani hakiguswi na mwingine isipokuwa mwenyewe akitaka kukikomboa, na mwenyewe alikuwa na shughuli na ukuta. Regina alipita pale kila siku kuoga, na kila jioni alileta habari pamoja na ugali.

"Kapu lako linachemka."

"Haya."

Siku ya pili: "Kapu lako limeshaiva. Linanukia uji."

"Haya."

Siku ya tatu akaweka bakuli chini, akasita.

"Kapu lako limeota meno."

Dafrosa akageuza kichwa. "Meno?"

"Meno. Meupe, madogo. Kwa juu."

"Limechemshwa siku tatu. Kilichochemshwa hakioti."

"Basi mie nimeona uongo."

Regina akachukua bakuli la jana, akaenda. Alikuwa amefika karibu na nyumba yake aliposikia anaulizwa kwa nyuma:

"Mengi?"

Dafrosa alikwenda kwenye chemchemi asubuhi yake. Hakwenda kwa matumaini, na ni vizuri hilo lieleweke. Alikwenda kumhakikishia Regina kwamba ni mwongo.

Pale Majimoto maji yanatoka chini ya mwamba yakiwa na moto wake yenyewe. Yanaivisha yai, halafu yanateremka kwenye kijito, yanapoa kidogokidogo hadi yanapofika kwenye matete yakiwa maji ya kawaida. Watu wa pale wameyaoga tangu kuzaliwa bila kuwasha kuni, na hawakuona ajabu. Ajabu kwao ilikuwa treni ya Mpanda. Watu walikuwa wametembea siku mbili kwenda kuitazama inavyopiga mluzi, wakiwa wamejitakatisha kwanza, kwa ajili ya safari, kwenye maji yaliyojichemsha yenyewe.

Dafrosa akalivuta kapu. Lilikuwa limekaa upande, kitako ndani ya maji, shingo kwenye mvuke. Akaingiza mkono. Kitako kilikuwa uji. Juu ya uji kulikuwa na punje za njano, laini, zimekufa. Juu ya hizo kulikuwa na punje ngumu ambazo zilikuwa hazijaamua bado. Na juu kabisa, upana wa viganja viwili, kila punje ilikuwa na jino jeupe, na nyingine tayari zilikuwa na mizizi. Siku tatu. Bondeni mbegu kavu hukaa siku saba, nane, panya na njiwa wakijihudumia.

Akakaa juu ya jiwe. Kapu moja, mbegu moja, siku zilezile, maji yaleyale. Tumbo limekufa na shingo imeota. Sasa mpaka uko wapi?

Swali hilo lilimkera. Lilimkera jinsi punje ya mchele inavyomkera mtu katikati ya meno. Alitoa punje safu kwa safu, akazipanga kwenye jani, akazivunja kwa kucha, akazinusa. Aliponyanyua kichwa jua lilikuwa limepita utosi, na kitu fulani tumboni kilikuwa kinamsokota. Ilimchukua muda kutambua kwamba ni njaa.

Jioni Regina alikuta bakuli la jana ni tupu, na mwenye bakuli yuko kwake jikoni, anaomba.

"Nipe mbegu, bakuli moja. Kavu."

"Za kupanda?"

"Za kuua. Nyingi zitakufa. Nataka kujua zipi."

Regina akampa, kwa sababu na yeye sasa alitaka kuona.

Dafrosa akararua pindo la kaniki ya msiba, akapata vitambaa sita, akafunga mbegu konzi moja kila kitambaa, akaviweka kando ya kijito kuanzia karibu na jicho hadi kwenye matete. Lakini mahali bila jina hupotea, na moto wa maji hauonekani kwa macho. Saa hakuwa nayo, wala vipimo vya kizungu. Alikuwa na mkono na Salamu Maria. Akaingiza mkono majini, akaanza kusali, akaangalia mkono utavumilia hadi wapi.

Mahali pa kwanza hakumaliza hata ishara ya msalaba. Mahali pa pili alifika "umejaa neema" akautoa mkono. Mahali pa tatu alimaliza Salamu Maria moja, kwa haraka isiyo ya heshima. Mahali pa nne alifikisha kumi. Mahali pa tano alisali rozari nzima, mafumbo yote matano, na mkono haukutaka kutoka. Pa sita ungeweza kusali hadi Pasaka. Palikuwa kama maji ya mtungini.

Ndivyo Padri alivyomkuta, alipokuja kuungamisha watu kabla ya Noeli. Mwanamke amepiga magoti, mkono majini hadi kwenye kiwiko, midomo inacheza.

"Mama, unasali au unaoga?"

"Napima, Padri."

"Unapima nini kwa sala?"

"Maji."

Padri alikuwa mtu wa miaka mingi nchini, na alikuwa amejifunza kutokemea upesi asichokielewa. Akafikiri.

"Basi usizikate katikati."

"Mahali pa pili inakatika yenyewe, Padri. Hata wewe ungetoa mkono."

Inasemekana Padri alijaribu. Inasemekana pia kwamba alifika neno moja mbele ya Dafrosa, lakini hilo alilisema mwenyewe.

Vitambaa vilifunguliwa baada ya siku mbili. Pa kwanza uji, pa pili maiti, pa tatu punje chache zilizoota kwa kupinda kama zinazokimbia kitu, pa nne nusu kwa nusu. Mahali pa rozari nzima zilikuwa zimeota zote. Alizihesabu, akarudia kuzihesabu. Pa sita zilikuwa ndio kwanza zinajinyoosha. Lakini hata pa tano palikuwa na jambo. Punje zilizozama zilikuwa zimetoa jani bila mzizi, na zile za pembeni, kwenye jiwe lenye joto na unyevu, zilikuwa zimetoa mzizi kwanza. Usiku ule Dafrosa hakulala vizuri, si kwa sababu ya Oswaldi. Alikuwa anangoja kukuche akajaribu kuzilowesha siku moja tu, halafu azitoe, azifunike kwa majani ya mgomba juu ya jiwe. Alikuwa hajangoja kukuche kwa mwaka mzima.

Kasimiri alirudi kutoka Mpanda na nusu debe la mbegu alizoomba njiani, kijiji cha Ilembo. Akakuta kigoda kitupu, mlango umefungwa. Akakaa chini, palepale, kwenye vumbi.

"Nimemuua kweli," akamwambia Regina.

"Yuko kwenye chemchemi."

"Amejitupa?"

"Nenda kaone."

Akaenda kwa kukimbia, akamkuta amepiga magoti.

"Marehemu, unafanya nini?"

"Nyamaza, niko kumi la tatu."

Kasimiri akanyamaza, kitu ambacho watu wa Majimoto walikuwa hawajapata kukiona. Dafrosa alipomaliza akautazama mkono, akautikisa.

"Umeleta nini?"

"Mbegu. Za Ilembo. Nimeziomba nyumba kwa nyumba, nikatukanwa nyumba kwa nyumba."

"Za mbali. Vizuri. Nataka kuona kama na zenyewe zinapapenda hapahapa."

"Mtani, nilikosa. Nataka unisamehe."

"Sijafika huko. Kwanza leta majani ya mgomba, mapana, yasiyochanika."

Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya Jumanne ya Jumbe. Kuotesha mbegu aliweza. Kulima, miguu yake ilikuwa imekaa kigodani mwaka mzima na ikamkumbusha kila alipoinama. Kasimiri alimsaidia siku tatu, akilima kama mtu aliyeangusha sindano na anaitafuta, kisha mikono ikamtoka malengelenge, akapanda baiskeli kurudi Inyonga kuleta mbuzi wa Jumbe. Regina alimsaidia siku mbili. Mvua ilinyesha mara moja. Kila Dafrosa alipomaliza kufyeka kipande, alikwenda mbio kutoa mbegu kwenye jiwe, akazitia matopeni kipande hichohicho, akachomeka kijiti: hizi za Oswaldi, hizi za Regina, hizi za Ilembo. Usiku wa Noeli alisinzia kanisani kuanzia Gloria hadi mwisho.

Jumanne Jumbe akaja, koti, vifungo vitatu. Nyuma yake Makarius na jembe begani, na nyuma ya Makarius sababu mbili kubwa kati ya zile saba, kila moja na jembe dogo. Regina na wengine wakajipanga kwenye tuta kuona mwanamke anavyonyang'anywa.

Theluthi moja ya shamba ilikuwa kijani, urefu wa kidole, mistari iliyonyooka. Theluthi mbili ilikuwa majani hadi kiunoni. Dafrosa alikuwa katikati ya matope, ameinama, mgongo kwao.

Jumbe akakohoa. Sheria aliyokuja nayo ilikuwa na majibu mawili, na shamba lilikuwa limetoa la tatu.

"Halikupandwa," akaanza. "Wala siwezi kusema halikupandwa." Akashika kifungo. "Palipopandwa ni pako, Mama Hilaria. Palipobaki Makarius atalima msimu huu. Mwakani tutaona."

Watu kwenye tuta wakangoja kilio. Theluthi mbili si kidogo.

"Sawa," Dafrosa akasema bila kugeuka.

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia." Akajinyoosha, akashika kiuno, akamtazama Makarius kuanzia miguuni, kama mtu anayepima kitambaa. "Shemeji, mbegu unazo?"

"Ninazo."

"Umeziloweka?"

Makarius akaona ni swali la mtego. "Sijaloweka. Mbegu hulowekwa na mvua. Baba yetu alipanda hivyo, na kaka alipanda hivyo."

"Vizuri sana. Usiziloweke. Panda kavu, kama baba yenu. Na uanzie hapa," akachora mstari matopeni kwa kidole cha mguu, "ubavuni mwa hizi zangu, udongo uleule. Lakini si leo. Leo jua limeshapanda. Anza kesho asubuhi ili siku zihesabike sawasawa."

Makarius akamtazama Jumbe. Alikuwa amekuja kupokea shamba, na aliona analipokea, lakini kuna namna hakujisikia kama mpokeaji.

"Kuhesabika za nini, shemeji?"

"Nione zako zinatoka lini, na njiwa wanakula ngapi. Nitakuwa napita."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Mpaka lini?"

"Mpaka zitoe masuke," Dafrosa akasema, akainama tena. "Halafu mwakani tubadilishane upande, maana huenda ni udongo, si maji."